Unga Usioingiliwa: Mashine ya Kusagia ya Jikoni na Mlo Usio na Gluteni

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo katika ngano, shayiri na rai, na ndizo zinazoufanya unga wa ngano ukikandwa na maji uvutike kama mpira, ushike hewa na kuumuka. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, protini hizo huchochea kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba, hata vinyweleo vya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho, vikasinyaa na kulala, naye mgonjwa akabaki na kuhara, kukonda au upungufu wa damu, na mtoto akadumaa ilhali anakula na kushiba. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, bali tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote, na uamuzi huo usichukuliwe kabla ya vipimo vya damu hospitalini, kwa sababu mtu akiisha kuacha ngano vipimo hivyo huweza kuonyesha kwamba hana tatizo.

Aliyeonyesha kitaalamu kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, na kwa muda mrefu baada yake siliaki ilidhaniwa kuwa maradhi ya Wazungu tu. Dhana hiyo ilivunjwa na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ambao takriban asilimia 5.6 ya waliopimwa walikutwa na ugonjwa huo, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha Ulaya. Kwa hiyo mgonjwa wa Afrika ana haki ya kuambiwa jinsi ya kuishi na mlo huu kwa vyakula anavyovijua, si kwa pakiti za bei kubwa zilizotoka ng'ambo.

Kwa bahati njema vyakula hivyo vipo tele, kwani mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni hata chembe. Tatizo liko njiani, kati ya gunia na sufuria. Codex Alimentarius, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya chakula, inataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo, na kwa kuwa takriban sehemu 1 kati ya 10 ya uzito wa unga wa ngano ni gluteni, kilo nzima ya unga wa mtama hufikia kikomo hicho kwa kuingiliwa na gramu 0.2 tu za unga wa ngano, yaani kiasi kinachobanwa kwa ncha za vidole viwili. Sasa itazamwe mashine ya kusaga ya mtaani, ambako mtu mmoja ameleta ngano, wa pili mchanganyiko wa unga wa lishe uliotiwa ngano, wa tatu ulezi wa uji wa mtoto, na wote hao wanapita katika mdomo uleule, chekecheo lilelile na mfuko uleule wa kitambaa ambao hukung'utwa lakini haufuliwi. Mwenye mashine hana kosa, maana anafanya kazi ya kusaga nafaka za watu wote, lakini unga unaotoka hapo hauwezi kuwa dawa.

Ndipo inapoingia mashine ndogo ya jikoni, iwe blenda yenye kikombe cha kusagia vitu vikavu au kile kisagio cha viungo kinachouzwa peke yake. Namna yake ya kufanya kazi inafaa ieleweke, kwa sababu haifanani na jiwe wala kinu. Jiwe huponda punje kwa kuikandamiza, lakini kisu cha blenda huikata kwa kuigonga kwa mwendo wa maelfu ya mizunguko kwa dakika, na punje iliyokwisha kukatwa huruka pembeni huku nyingine ikigongwa mara mbili, kwa hiyo unga hutoka umechanganyika laini na chenga. Kuiacha mashine izunguke kwa muda mrefu si dawa ya chenga, kwani msuguano huzaa joto, joto huyatoa mafuta ya kiini cha nafaka, na unga huanza kugandamana ukutani huku mota ikinuka. Njia iliyo bora ni kujaza kikombe hadi nusu tu, kusaga kwa sekunde 20 au 30, kupumzisha, kutikisa, kusaga tena, kisha kuchekecha na kurudisha chenga peke yake. Nafaka iliyooshwa lazima ikauke kabisa, mpaka punje ikiumwa ivunjike kwa mlio. Unga wa nafaka nzima, hasa wa mahindi yasiyokobolewa na wa uwele, hubeba mafuta ya kiini na huchacha upesi, hivyo usagwe wa siku chache tu. Mwenye kisukari asikazanie ulaini kupita kiasi, maana unga laini humeng'enywa haraka na kupandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko nafaka hiyohiyo ikiwa na chenga.

Kusaga nyumbani kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni kwamba mtu anaiona nafaka kabla haijawa unga. Punje ya ngano iliyojificha katika ulezi au mtama huonekana kwenye ungo, na punje iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu huonekana pia. Hili la pili ni la uhai, kwa kuwa mashine haiondoi sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wa nafaka zilizohifadhiwa katika unyevu, na wala moto wa jiko hauimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kuchambua na kupepeta, kazi ambayo mabibi waliifanya kila siku barazani, kunapunguza sehemu kubwa ya hatari hiyo, ingawa hakuifuti yote.

Mashine yenyewe nayo yaweza kuwa ndiyo chanzo cha madhara. Blenda iliyowahi kusaga ngano huficha vumbi lake chini ya kisu, kwenye mpira unaozuia kuvuja na katika mikunjo ya kifuniko, mahali ambapo sponji haifiki, na kwa hiyo kikombe cha mgonjwa kiwe cha peke yake tangu kinaponunuliwa. Vivyo hivyo kwa chekecheo, ambalo matundu yake hayaoshiki yakaisha. Viungo navyo, kama bizari na pilipili manga, vinunuliwe vikiwa vizima na kusagwa humohumo, maana vile vilivyosagwa sokoni huweza kuongezwa unga ili viwe vingi.

Liko jambo moja ambalo unga wa nyumbani unalikosa. Nchini Kenya, tangu mwaka 2012, unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani hutakiwa kuongezwa madini ya chuma, asidi ya foliki na virutubisho vingine, na Tanzania ina utaratibu kama huo. Mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake ulishindwa kufyonza hivyohivyo kwa miaka, anapohamia kwenye unga wa kusaga mwenyewe anaacha nyuma nyongeza hiyo, na mwanamke anayetarajia kushika mimba anapaswa kulizungumza na daktari mapema, kwani upungufu wa asidi ya foliki huweza kudhuru uti wa mgongo wa mtoto katika wiki za kwanza kabisa za mimba.

Penye mkate ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu unga usio na gluteni haushiki hewa, nao ukikandwa kama wa ngano hutoa tofali. Lakini jiko la pwani lilikwisha kulitatua suala hili kwa njia ya kusaga ndani ya maji. Mchele wa vitumbua hulowekwa usiku kucha, maji yakapenya katikati ya chembechembe za wanga, hata punje ikivunjwa kwa kucha ikasagika, na hapo kisu cha blenda huzitenganisha chembe hizo badala ya kuzipasua. Tofauti hiyo ni kubwa jikoni, kwani wanga uliopasuliwa kwa kusagwa mkavu hunywa maji mengi na kufanya rojo zito lenye kunata, ilhali wa mchele uliolowekwa hubaki mwororo. Mchele husagwa pamoja na tui na iliki mpaka rojo likisuguliwa kati ya vidole lisiwe na chembe za kukwaruza, ndipo hutiwa hamira na kuachwa liumuke. Mapovu hapo hayashikwi na gluteni bali na uzito wa rojo, na kwa hiyo halikorogwi tena kwa nguvu. Huchotwa taratibu na kumiminwa kwenye chuma chenye moto, ambako wanga hufura na kuganda kabla hewa haijatoroka. Mkate wa kumimina hufuata kanuni hiyohiyo, ukisaidiwa na ute wa yai. Mpishi anayezoea kutupia kijiko cha ngano ili vitumbua vishikane aache, na mafuta yaliyokwisha kukaanga maandazi yasitiwe katika chuma hicho.