Nani Hufika Kongamanoni? Usafiri wa Anga na Ramani ya Utafiti wa Kiswahili katika Nchi za Bara

Ikisiri

Kumbukumbu za makongamano ya Kiswahili huchukuliwa kuwa kioo cha hali ya utafiti wa lugha hii katika kanda. Makala hii inaonyesha kuwa kioo hicho huakisi pia jambo jingine, yaani uwezo wa mtafiti kupanda ndege. Inafafanua namna mikataba ya anga, muundo wa nauli, masharti ya kuvuka mipaka na taratibu za fedha za vyuo zinavyoshirikiana kuamua nani anawasilisha na nani anabaki kwao. Inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa waandaaji wa makongamano na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Hadhi ya Kiswahili imepanda kwa kasi katika nchi zilizo mbali na pwani. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Rwanda ilipitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiingiza katika lugha zake za kazi. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kukifanya lugha rasmi, na Kongo ikakamilisha taratibu za kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ingetarajiwa kwamba kupanuka huko kwa hadhi kungefuatwa na kupanuka kwa utafiti, na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi, Kisangani au Bujumbura kingejadiliwa na watafiti wanaokisikia kila siku sokoni na darasani. Sababu za kutofikiwa kikamilifu kwa matarajio hayo ni nyingi, zikiwamo uhaba wa walimu na wa machapisho. Ipo sababu moja ambayo haijadiliwi sana kwa kuwa huonekana kuwa jambo la utawala tu: safari yenyewe.

2. Anga nayo ina mipaka

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria ya usafiri wa anga wa kimataifa, unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Kwa hiyo shirika la ndege haliwezi kufungua njia ya kwenda nchi jirani kwa sababu tu abiria wapo. Ni lazima serikali mbili zikubaliane ni mashirika gani yataruka, mara ngapi kwa juma na kutoka miji ipi.

Haki hizo hupangwa kwa ngazi zinazoitwa uhuru wa anga. Iliyo muhimu zaidi kwa mada hii ni uhuru wa tano, yaani haki ya shirika la nchi moja kubeba abiria kati ya nchi nyingine mbili. Ndege ya Kenya ikitoka Nairobi kupitia Bujumbura kwenda Kigali haiwezi kumuuzia abiria wa Bujumbura kiti cha kwenda Kigali mpaka Burundi na Rwanda zote ziridhie. Pasipo ridhaa hiyo, hupita na viti vitupu au haipiti kabisa.

Viongozi wa Afrika wamelitambua tatizo hili kwa muda mrefu. Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999 lilikusudia kulegeza vizuizi hivyo, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga. Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 23 za kwanza kujiunga; Tanzania, Uganda na Burundi hazikuwamo katika kundi hilo. Hivyo nchi zinazozungumza kuhusu lugha moja ya mawasiliano zilianza safari hiyo zikiwa na misimamo tofauti kuhusu anga moja.

Matokeo yake ni kwamba abiria wengi wa kanda hupitishwa katika vituo vikuu vichache, hasa Addis Ababa na Nairobi. Umbali kati ya Lubumbashi na Zanzibar, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 1,400. Mtafiti asiyepata safari ya moja kwa moja inayolingana na tarehe zake atasafiri takriban kilomita 2,100 akipitia Nairobi, au kilomita 4,300 akipitia Addis Ababa. Njia hiyo ya pili ni mara tatu ya umbali halisi.

3. Kwa nini safari fupi huwa ghali

Watu wengi hudhani kwamba nauli hulingana na umbali. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya gharama za safari haitegemei urefu wake. Ada ya kutua, ada ya maegesho, huduma za uwanjani, na mafuta mengi yanayotumika ndege inapopaa hulipwa vilevile iwe safari ni ya dakika arobaini au ya saa nne. Kigali na Bujumbura zimetenganishwa na takriban kilomita 175 tu, lakini gharama hizo hazipunguzwi kwa ujirani.

Juu ya hayo, tiketi hubeba kodi za serikali na ada za abiria zinazotozwa kwa kila kichwa katika uwanja wa kuondokea, na mara nyingine katika uwanja wa kupitia. Kodi hizo zikiwa za kiwango kimoja, huwa sehemu kubwa zaidi ya nauli ya safari fupi kuliko ya safari ndefu. Tatu, njia zenye abiria wachache huhudumiwa na ndege ndogo au kwa safari chache kwa juma. Ndege ndogo hugawa gharama kwa viti vichache. Safari chache nazo humlazimisha mshiriki wa kongamano la siku mbili kukaa siku tano, na kulipa malazi ya siku ambazo hana shughuli.

Njia ya nchi kavu ingekuwa mbadala wa kawaida, lakini si ya kutegemewa wakati wote. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Uamuzi wa aina hiyo unapotolewa, mtafiti aliyezoea kupanda basi asubuhi na kufika jioni hujikuta akilazimika kutafuta tiketi ya ndege au kughairi.

4. Kabla ya kufika uwanjani

Safari huanza na karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, ikiahidi uhuru wa watu kusafiri miongoni mwa nchi wanachama. Ahadi hiyo hutekelezwa kwa sheria na kanuni za kila nchi, na nchi mpya huhitaji muda wa kuzipatanisha zake. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu uhuru wa watu kusafiri, iliyopitishwa Januari 2018, haikupata kwa wepesi idadi ya nchi 15 zinazotakiwa kuiridhia ili ianze kutumika.

Kuna pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Mtafiti anayepata barua ya mwaliko siku saba kabla ya kongamano, na ambaye hajawahi kuchanjwa, amekwisha kuchelewa hata kama nauli anayo.

Barua hiyo ya mwaliko ndiyo ufunguo wa hatua zote: ruhusa ya mwajiri, maombi ya fedha, viza, tiketi. Inapochelewa, kila hatua inayofuata huchelewa na nauli hupanda. Tena, barua iliyoandikwa kwa Kiswahili peke yake inaweza kumkwamisha mwenye nayo mbele ya ofisi inayofanya kazi kwa Kifaransa. Lugha inayokwenda kujadiliwa kongamanoni huwa ndiyo kikwazo cha kwanza cha kufika huko.

5. Fedha zinazorudishwa baadaye

Ufadhili wa safari za kitaaluma hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni masurufu, ambapo chuo humpa mtafiti fedha kabla ya kuondoka, naye akarejesha stakabadhi. Ya pili ni marejesho, ambapo mtafiti hulipa kutoka mfukoni na kufidiwa baada ya kuwasilisha tiketi na stakabadhi zake. Kwa mfadhili, njia ya pili ni salama. Kwa mhadhiri msaidizi ambaye nauli moja inaweza kumeza mshahara wake wa mwezi au zaidi, ni sawa na kutofadhiliwa.

Chukulia mhadhiri wa Lubumbashi ambaye ikisiri yake imekubaliwa na kongamano linalofanyika pwani. Ameahidiwa kurejeshewa nauli yote. Hana kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, hivyo hununua tiketi kwa wakala kwa fedha taslimu alizokopa. Marejesho yakichelewa miezi minne, riba ya mkopo ni yake. Mwaka unaofuata hatumi ikisiri. Katika orodha ya waandaaji ataonekana kama mtu aliyepoteza hamu na utafiti.

6. Kinachopotea

Hasara si ya mtu mmoja. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha huko, chini ya uongozi wa André Yav. Ni hati adimu ya wafanyakazi wa Kiafrika kujisimulia wenyewe habari za ukoloni. Toleo lake la kitaaluma lilichapishwa mwaka 1990 na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo, inaonyesha njia ambayo maarifa hupita: kutoka Katanga kwenda Ulaya, kisha kurudi Afrika Mashariki yakiwa katika lugha nyingine.

Mtafiti wa bara asipofika kongamanoni, lahaja yake hujadiliwa na wengine au haijadiliwi. Istilahi husanifiwa bila ushauri wake. Sera ya kufundisha Kiswahili katika shule za Burundi au mashariki mwa Kongo hutungwa kwa kudhani kwamba mwanafunzi anaanza bila chochote, ilhali anacho Kiswahili chake.

7. Mapendekezo

Kwanza, waandaaji watoe barua za mwaliko angalau miezi mitatu kabla ya kongamano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya ofisi itakayoshughulikia viza, na waeleze ndani yake masharti ya chanjo.

Pili, wafadhili waache utaratibu wa marejesho kwa watafiti chipukizi. Tiketi inunuliwe moja kwa moja na mwandaaji, kwa jina la msafiri.

Tatu, zamu ya uenyeji ifikie miji ya mipakani, hali ya usalama ikiruhusu. Kigoma hufikika kutoka Bujumbura kwa barabara au kwa Ziwa Tanganyika, na Rubavu iko jirani kabisa na Goma. Ushiriki wa mtandaoni uwepo pia, ingawa usichukuliwe kuwa mbadala kamili: umeme ukikatika katikati ya wasilisho hakuna wa kulaumiwa, na mazungumzo ya chakula cha mchana, ambako miradi ya pamoja huzaliwa, hayapiti mtandaoni.

Nne, washauri wa sera wanaotetea Kiswahili katika vikao vya Jumuiya watetee pia kufunguliwa kwa anga na kupunguzwa kwa kodi za safari fupi za ndani ya kanda. Mambo haya mawili huwekwa katika wizara tofauti, lakini kwa msafiri ni jambo moja.

8. Hitimisho

Kabla ya kusoma mada za juzuu lolote la makongamano, inafaa kusoma orodha ya miji walikotoka waandishi wake na kuilinganisha na ramani ya mahali Kiswahili kinapozungumzwa. Pengo kati ya orodha hiyo na ramani hiyo halielezi tu nani anafanya utafiti. Hueleza pia nani alipata kiti, barua iliyowahi, na mtu wa kumlipia tiketi kabla ya safari. Mambo hayo matatu yanaweza kurekebishwa, na mengi yake yamo ndani ya uwezo wa kamati ya maandalizi.