Bidii ya Moyo katika Kusema mbele ya Watu



Somo la leo lawahusu wote wasimamao mbele ya wenzao: msomaji wa Neno siku ya dominika, katekista aongozaye sala, mzee anayefungua baraza, mama asemaye katika mkutano wa akina mama.

Swali: Bidii ya moyo katika kusema ni nini?

Jibu: Ni moto wa ndani wa mtu anayesadiki asemayo na kuwapenda anaowaambia. Si kelele. Wahenga walinena: debe tupu haliachi kutika.

Tuyatazame Maandiko. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, Apolo wa Aleksandria alifika Efeso, akafundisha habari za Yesu kwa roho yenye moto. Lakini alijua ubatizo wa Yohane tu. Prisila na Akila walipomsikia hawakuuzima moto wake. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Basi, bidii yahitaji mafundisho, kama vile moto wa jikoni uhitajivyo mafiga.

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti, na Sheria ikasomwa tangu asubuhi hata adhuhuri. Walawi wakawafafanulia watu maana yake. Watu walilia waliposikia. Kisha wakaenda kula na kunywa kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wameyaelewa maneno. Bidii ya kweli huleta nuru katika akili, ndipo moyo huguswa.

Swali: Je, mwenye bidii aseme muda mrefu?

Jibu: Hapana. Kule Troa Mtume Paulo aliendelea kusema hata usiku wa manane. Kijana Eutiko, aliyeketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka toka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akamkumbatia, na kijana akarudishwa mzima. Ikiwa watu walisinzia mbele ya Paulo, sisi nasi tufupishe maneno yetu.

Swali: Tufanye nini ili bidii yetu ionekane?

Jibu: Kwanza, jioni ya kabla yake, soma nyumbani kwa sauti mara tatu, utambue neno linalobeba maana. Pili, ukisimama, inua uso. Umtafute kwa macho yule aliyeketi nyuma kabisa karibu na mlango, useme ili yeye asikie. Tatu, penye nukta nyamaza kidogo, neno lipate kushuka moyoni. Nne, ukimaliza jambo lako, keti.

Tukumbuke kwa nini jambo hili ni zito. Wazee wetu walisikia Misa kwa Kilatini. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango ili lugha za watu zitumike zaidi katika liturujia. Msomaji asomaye Neno kama karani anayeita majina ya walipa kodi aufunga tena mlango ule. Mkristu aliyetembea saa mbili kwa miguu kuja kusali hurudi kwake mikono mitupu, naye hatajua ni nani aliyemnyima.

Azimio la juma: Kila msomaji amwombe jirani yake amsikilize nyumbani kabla ya dominika, naye akubali kusahihishwa kama Apolo.