Kisukari na Sahani ya Jamaa

Baba arudi kutoka hospitali na habari nzito: ana ugonjwa wa kisukari. Mara majirani wafika, kila mmoja na shauri lake. Huyu asema ugali umekwisha kwake. Yule aleta majani machungu, asema vidonge vitupwe. Mama hajui amsikilize nani. Mambo ya namna hii twayaona sana kwetu Kivu, na kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na akina mama, kwani wao ndio wenye chungu.

Ugali wa muhogo, wali, viazi na ndizi vina wanga, na wanga tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Mwenye afya ana insulini ya kuipeleka sukari hiyo viungoni. Kwa mgonjwa insulini haitoshi, au haifanyi kazi vema. Sukari hubaki katika damu, nayo polepole huharibu macho, figo na miguu.

Lakini vyakula havifanani. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, nchini Kanada, walipima vyakula 62, wakaona kwamba maharagwe na dengu hupandisha sukari kidogo kuliko mkate au viazi, hata kiasi cha wanga kikiwa kile kile. Wanga wa maharagwe umefungwa ndani ya nyuzinyuzi, hutoka polepole. Nasi tulikuwa tukiyaita chakula cha maskini!

Basi hakuna haja ya kumpikia baba chungu cha peke yake. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, sombe, kabichi, biringanya. Robo iwe maharagwe au soja. Robo inayobaki ndiyo ya ugali. Twajua, robo ni kidogo kwa mtu aliyezoea kumega bila kuhesabu, na hapo ndipo penye vita. Afadhali apakuliwe sahani yake, maana katika sinia moja hakuna awezaye kupima matonge. Mawese yatiwe kwa kijiko. Tunda aletewe zima, si maji yake.

Na majani machungu? Yakiwa mboga ya kawaida, na aifurahie. Hata metformini, kidonge cha wagonjwa wengi, habari yake ilianza na mmea wa Ulaya uitwao galega. Lakini kidonge kimepimwa miaka mingi. Majani ya jirani hakuna aliyeyapima. Na mtoto aishiye kwa sindano ya insulini, akiikosa, hufa.

Jambo moja husahauliwa. Mgonjwa wa insulini akipunguza ugali ghafula bila kumwambia mganga, sukari yaweza kushuka mno: atatoka jasho, atatetemeka, atasema ovyo. Apewe upesi maji yenye sukari, kama aweza kumeza. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani; abebwe hospitali saa ile ile.