Jedwali likinyamaza, mto hausubiri

Ukijua kutengeneza tovuti huku Tana River, hukosi wa kukutuma: chama cha akiba, timu ya mpira, wafugaji. Njia rahisi ni hii: mtu anaandika namba kwenye lahajedwali la Google Sheets, nayo tovuti inazichota na kuzionyesha. Poa kabisa.

Kinachounganisha hivyo viwili kinaitwa API, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuomba data kwa nyingine. Tatizo ni kwamba mwenye mlango anaweza kuuhamisha.

Google walifanya hivyo. Mwaka 2016 walileta toleo la 4 la API ya Sheets, na Agosti 2, 2021 wakalifunga la 3. Toleo la zamani lilisoma jedwali lililo wazi kwa umma bila ufunguo. Hili la sasa linadai ufunguo, anwani ni nyingine, na hata jibu limepangwa tofauti. Tovuti zilizobaki kwenye mlango wa zamani zikanyamaza.

Sasa tuseme umewawekea watu wa Ndera ukurasa wa kina cha mto. Mvua ikipiga huko juu na bwawa la Masinga likafurika, maji huteremka kupitia Garissa hadi Ndera na Garsen. Mafuriko ya 2024 yalihamisha familia, hakuna aliyesahau. Je, API ikifungwa na ukurasa wako ukajaza "0" pale namba ilipokosekana? Mama anayesoma kwa simu ataelewa mto umetulia, kumbe maji yako njiani.

Kwa hivyo, kabla hujasema kazi imeisha:

- Namba ikikosekana, ukurasa useme "data haijafika". Usiandike sifuri.
- Onyesha siku na saa ya kipimo cha mwisho.
- Weka maombi yote ya API kwenye faili moja, ili mlango ukihama urekebishe mahali pamoja tu.
- Soma barua pepe za akaunti uliyosajili. Ilani za kufunga toleo hutolewa mapema, ila wengi wetu huzirusha kwenye takataka tukidhani ni matangazo.

Na ukienda Mombasa kutafuta riziki, mwachie mtu wa huko akaunti na umfunze kuitumia. Ukurasa usio na mwenyewe ni hatari kuliko kutokuwa na ukurasa, kwa sababu watu bado wanauamini.