Kwa Nini Mawe ya Urembo Hubanduka

Pita mitaa mipya ya Dar es Salaam au Mombasa utayaona mawe haya kwenye nguzo za geti, barazani, hata sebuleni. Mengi si mawe ya machimboni. Ni saruji iliyochanganywa na kokoto nyepesi na rangi za oksidi ya chuma, ikamiminwa kwenye kalibu zilizonakili sura ya mwamba. Hayabebi nyumba, yenyewe ndiyo yanayobebwa, na kinachoyabeba ni tabaka jembamba la mota.

Kwa hiyo mwenye nyumba akiniuliza anunue gundi gani, mimi humuuliza kwanza ukuta wake ukoje. Unyunyizie maji. Ukiyanyonya, utashika. Yakibaki matone na kuteleza, kuna rangi au mafuta, na jiwe litakaloshikana na rangi litashuka siku rangi itakapobambuka. Rangi ikwanguliwe yote, au upigiliwe wavu wa chuma usioshika kutu, kisha lipu ya kama milimita 12 ikwaruzwe mistari ya kulala ingali mbichi.

Sasa geuza jiwe. Pitisha kidole mgongoni: mara nyingi kitatoka na unga wa saruji uliobaki tangu kiwandani. Sugua kwa brashi na maji, halafu subiri uso ukauke huku ndani kukiwa na unyevu. Jiwe kavu kabisa hufyonza maji ya mota, nayo saruji hukosa maji ya kukomaa.

Anza na mawe ya kona. Paka mota mgongo mzima hadi kingoni, milimita 12 hivi. Wapo mafundi wanaoweka madonge matano na kuendelea. Kazi hiyo siikubali hata kidogo, maana huacha mashimo, na maji ya masika yakipenya hukaa humo humo. Kandamiza ukitikisa kidogo mpaka mota itokeze pembeni. Ikishaanza kushika, usilisogeze jiwe. Ukilisogeza, libandue, kwangua pande zote mbili, upake upya.

Mstari wa chini uinuke sentimita 10 kutoka kwenye udongo, au 5 palipo na sakafu ngumu, la sivyo unyevu utapanda na chumvi na kuacha madoa meupe. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi. Kwa mota tumia wa mto, uliochekechwa. Mota ikidondokea uso wa jiwe, usiifute mbichi. Ngoja iwe chengachenga, uiondoe kwa brashi kavu. Tindikali isiguse jiwe kabisa, hula rangi.

Kabla hujamaliza kumlipa fundi, mota ikiwa imekomaa, gonga jiwe moja moja polepole kwa mpini wa nyundo. Linalotoa sauti ya uwazi halikushika vizuri. Mwambie alitoe alibandike upya, angali yupo na jukwaa lake halijashushwa.