Sumu ya Swila na Dawa ya Kufunga Kimeng'enya

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita na wakulima wanaopakana nao, swila si mgeni: huingia nyumbani usiku akifuata panya au kuku. Aliyeumwa naye mara nyingi hupona, lakini kwa hasara. Ngozi huvimba, huwa nyeusi, kisha hufa na kubanduka, na mkono uliokuwa ukishika sururu huweza kubaki na ulemavu.

Uharibifu huo huchangiwa na kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2. Utando wa kila seli umejengwa kwa fosfolipidi, molekuli zenye mikia miwili ya asidi za mafuta, na kimeng'enya hiki huukata mmoja. Kipande kinachobaki hutenda kama sabuni, kikiulegeza utando. Mkia uliokatwa, hasa ukiwa asidi ya arakidoni, hugeuzwa kuwa prostaglandini, ziletazo uvimbe na maumivu. (Aspirini huzuia hatua hiyo ya pili tu, wakati huo utando umekwisha kukatwa.) Tena fosfolipesi ya swila huzidisha makali ya sumu nyingine zinazotoboa seli.

Varespladibu ni kizuizi teule cha kimeng'enya hicho. Ilibuniwa kwa maradhi mengine, na jaribio lake kwa wagonjwa wa moyo lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kukosa manufaa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa huzuia fosfolipesi katika sumu za nyoka wa mabara mbalimbali. Mwaka 2024 ilionekana kuzuia kufa kwa ngozi ya panya waliodungwa sumu ya swila wa Afrika. Kwa kuwa ni molekuli ndogo, hupenya kwenye nyama kwa urahisi kuliko kingamwili za dawa ya kawaida ya sumu ya nyoka, nayo huweza kumezwa kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Hata hivyo haitoshi kwa kila nyoka. Sumu ya kifutu hutegemea zaidi vimeng'enya vinavyokata protini, na ya koboko hushambulia neva. Huko varespladibu haina la kufanya, au ina kidogo. Kwa binadamu ingali katika majaribio. Hadi sasa, aliyeumwa hutulizwa, kiungo kisitikiswe, kisifungwe kamba wala kuchanjwa, na apelekwe hospitali upesi.