Rangi kwa Ukuta: Luku ya Wabajuni Tangu Kitambo

Mbogi, sahani ya rangi kwa ukuta si luku ya juzi. Cheki visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula, vimejipanga kutoka Kismayo, Somalia, kushuka hadi Ras Kamboni, karibu na boda ya Kenya. Huko kuna magofu ya misikiti na makaburi ya matumbawe, na mwanaakiolojia Neville Chittick aliyazungukia akatoa ripoti 1969. Pwani hii yote, mpaka Lamu, Gedi na Kunduchi, masonko wa kitambo walikuwa na tabia moja kali: bakuli la kumangia, limesafiri kutoka China ama Uajemi, wanalipachika kwa chokaa kwa kaburi ama kando ya mihrabu. Kijani, bluu, nyeupe, jua likipiga zinawaka. Leo makaburi mengi yamebaki na mashimo ya duara tu, bakuli zishang'olewa. Inauma, maze.

Mbona wangoje meli? Ni nare. Wamama wa pwani walifinyanga vyungu, mitungi na vyetezo fiti, wakavikwaruza mistari, wakavichoma kwa moto wa wazi. Moto huo haufikishi joto la kuyeyusha glezi, ile ngozi ya kioo inayobeba rangi. Mchina alikuwa na tanuri la kufunga. Kijani cha Longquan, kule China, ni chuma kidogo tu ndani ya glezi, tanuri likinyimwa hewa. Bluu ni kobalti. Rangi ni moto uliofungiwa mpaka ukatii.

Sai tanuri ziko huku kwetu. Karakana ya Kazuri ilianza Karen, Nairobi, 1975, ikianzishwa na Susan Wood na wamama wawili. Leo mamia ya wamama wanatoa shanga na vyombo vya rangi kali. Na Somalia yenyewe, hata bila tanuri, kule El Buur, wasee wanachonga dabqaad, chetezo cha kufukizia uunsi, kwa jiwe laini jeupe, halafu wanakipaka rangi mpaka sebule nzima inachangamka.

Mimi nataka vijana wa Kibajuni wakamate udongo. Vita vya Somalia vya 1991 vilitawanya familia, wengi wakaangukia Lamu na Mombasa. Lakini hii ni jamii iliyounda mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Chora huo mtepe kwa kigae. Chora nguru, kasa, mkoko. Maua ya Mchina waachie Wachina. Mababu walishayanunua wakatosheka. Tengeneza sahani ya mkate wa mofa na samaki wa kupaka, bakuli la uji, vigae vya jiko la mtu Kismayo, vitu za kushikwa kila siku mangware na jioni. Na msikiti mpya ukijengwa mtaani, wahi fundi mapema, mwambie aache nafasi mbili za duara kando ya mihrabu. Utaleta bakuli mwenyewe.